Mtoto Anaelewa Video, Akishika Daftari Anakwama: Majibu kwa Wasomaji

Safari hii maswali mengi yamekuja kuhusu video za hesabu kwa watoto wa shule ya msingi. Tumechagua yale yanayojirudia na kuyafupisha kidogo bila kugusa maana.

SWALI: Binti yangu wa darasa la pili anapenda mno video za hesabu. Nikimuuliza kama ameelewa, anasema ndiyo, na uso wake unaonyesha kweli ameelewa. Nikimpa swali la aina hiyohiyo aandike, anakwama palepale mwanzoni. Tatizo ni video au ni mtoto? (Mama wa darasa la pili)

JIBU: Mama, mtoto hakudanganyi. Anapomtazama mtu akijumlisha 38 + 25, kila hatua inampitia ikiwa imeshafanywa. 8 na 5 ni 13, anaitikia. Andika 3, peleka 1, anaitikia. Kukubali hatua uliyoonyeshwa ni kazi nyepesi sana kuliko kuitafuta mwenyewe, lakini kwa mtoto mambo haya mawili yanaonekana ni kitu kimoja. Ndiyo maana tunashauri swali la "umeelewa?" liachwe kabisa, kwa sababu jibu lake halikuambii chochote.

Kinachosaidia ni kusimamisha video. Itazame kwanza peke yako, utafute sehemu tatu za kusimama, na uandike dakika na sekunde zake pembeni: pale swali linapoandikwa tu, kabla ya hatua ngumu (hapa ni kabla ya kupeleka 1), na kabla ya jibu kutajwa. Mtoto akae na penseli na daftari tangu mwanzo, asikae mikono mitupu. Ukisimamisha, laza simu kifudifudi, aandike anachodhani kitafuata, kisha endelea ili alinganishe. Akikosea usikimbilie kumsahihisha. Video itamsahihisha baada ya sekunde chache. Wewe muulize tu, "Yeye amefanya nini ambacho wewe hukufanya?"

Video ikiisha, izime kabisa na umpe 47 + 36. Akipata 83, usiridhike bado, mpe na 42 + 36. Swali hili la pili ni la kumpima, maana halina cha kupeleka. Mtoto aliyekariri hatua bila kujua sababu yake atapeleka 1 hata hapa, ataandika 88 badala ya 78. Kesho yake mpe swali moja la aina hiyo kabla ya kufungua video yoyote, na jingine baada ya wiki. Kule kujikakamua kukumbuka ndiko kunakokaza somo, kuliko kutazama video ileile mara ya tano.

Ukifanya hivi, video ya dakika 5 itakula dakika 15 hadi 20, na hilo ni somo zima la siku. Zima pia ile nafasi inayoruhusu video inayofuata kuanza yenyewe. Video tatu zikifuatana bila penseli, ya kwanza inafutwa na ya pili, na ya pili inafutwa na ya tatu.

SWALI: Mwanangu wa darasa la tatu kila akifanya 52 − 27 anapata 35. Nimemwonyesha video tatu tofauti za kutoa kwa kukopa. Zote anasema rahisi, halafu anaandika 35 tena. (Baba wa darasa la tatu)

JIBU: Hiyo 35 inaeleza kila kitu. Kwenye mamoja ametoa 2 kwenye 7 akapata 5, kwenye makumi ametoa 2 kwenye 5 akapata 3. Kwa hiyo huo si uzembe. Mtoto anafuata kanuni yake: katika kila safu, toa ndogo kwenye kubwa, haidhuru ipi iko juu. Mara nyingi kanuni hiyo huzaliwa siku alipoambiwa kwamba namba kubwa haitoki kwenye ndogo. Video inayosema "kopa moja kwa jirani" inamwongezea kanuni ya pili juu ya ya kwanza, na ya kwanza inabaki. Anachokosa ni kuiona ile 5 ya 52 kama makumi matano.

Weka simu pembeni kwa siku mbili. Tafuta vijiti 60 hivi na nyuzi. Mtoto mwenyewe ahesabu vijiti kumi-kumi na kufunga mafungu 5. Usimfungie, maana kule kuhesabu na kufunga ndiko kunakomfanya aamini kwamba fungu moja lina kumi. Mafungu yakae kushoto, vijiti 2 visivyofungwa vikae kulia. Sasa mwambie atoe 27. Atachukua mafungu 2 bila taabu, kisha atafika kwenye 7 na kukuta vijiti 2. Hapo nyamaza. Mpe muda. Watoto wengi wanavuta fungu jingine na kukuangalia kama wanaomba ruhusa, na wewe itikia kwa kichwa. Uzi unatoka, vijiti kumi vinaungana na viwili, sasa ni 12, anatoa 7, vinabaki 5. Kushoto yamebaki mafungu 2. Jibu ni 25, na amelishika mkononi.

Mara ya pili mwambie aanze na mamoja, ili mikono ifuate mpangilio wa daftari: fungua fungu moja, yabaki mafungu 4 na vijiti 12, toa 7, kisha toa mafungu 2. Kila anachokifanya kwa vijiti akiandike papo hapo. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye video. Ikifika pale 5 inapokatwa na kuandikwa 4, simamisha, umuulize, "Hapa wamefungua nini?" Akijibu kwamba wamefungua fungu la kumi, kazi imeanza kukaa. Mfundishe na kujihakiki: 35 + 27 ni 62, kwa hiyo 35 haiwezi kuwa jibu la 52 − 27.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalioni mapema. Video za kutoa hufundisha njia mbili tofauti. Ya kwanza ndiyo hii ya kufungua kumi. Ya pili huongeza 10 kwenye mamoja ya juu, na kwa kufidia huongeza kumi moja kwenye makumi ya chini: 12 toa 7 ni 5, kisha 2 ya chini inakuwa 3, na 5 toa 3 ni 2. Njia zote mbili ni sahihi, kwa sababu ukiongeza kiasi kilekile juu na chini, tofauti haibadiliki. Mtoto aliyeonyeshwa njia mbili bila kuambiwa ni mbili, huzichanganya: anaishusha 5 iwe 4, anaipandisha 2 iwe 3, anapata 15. Angalia daftari la shule linatumia ipi, kisha chagua video za njia hiyo peke yake.

Maswali yenye sifuri katikati, kama 403 − 168, yasubiri hadi ya tarakimu mbili yatulie. Pale mia moja hufunguliwa iwe makumi 10, kisha kumi moja hufunguliwa tena, yanabaki mamia 3, makumi 9 na mamoja 13. Jibu ni 235. Akikuletea 245, ujue amesahau kwamba makumi yamepungua kutoka 10 hadi 9.

SWALI: Wa kwangu ana miaka 4 na anahesabu mpaka 20 kwa wimbo wa kwenye video. Nimwanzishie za kujumlisha? (Mama wa chekechea)

JIBU: Bado. Weka vifuniko 7 mezani, avihesabu, akimaliza muulize, "Viko vingapi?" Akianza kuhesabu upya, ina maana hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Mwambie pia, "Nipe vitano," uone kama atasimama kwenye 5 au atakupa gao zima. Haya hujengwa kwa kushika, kupanga na kugawa vitu halisi, na watoto wadogo hujifunza zaidi kwa mtu aliye mbele yao kuliko kwa kioo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikiwa pungufu ni bora zaidi.

SWALI: Jedwali la kuzidisha mwanangu analiimba lote kwa wimbo wa video. Ukimuuliza 7 × 8 ghafla, anaanza kuimba kutoka 7 × 1. (Mlezi wa darasa la nne)

JIBU: Wimbo umemfundisha mfuatano, na mfuatano una mlango mmoja tu, wa mwanzoni. Usimkataze kuimba, lakini mpe njia nyingine za kuingilia.

Kwanza punguza mzigo. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100. Kwa kuwa 3 × 8 na 8 × 3 ni jibu moja, yanabaki 55. Ondoa yote yenye 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto wengi huyashika mapema, na kinachobaki ni maswali 21 tu. Mwambie hivyo, atapumua. Yaandike kwenye kadi 21, kuanzia 3 × 3 hadi 9 × 9, swali mbele na jibu nyuma.

Kila siku zichanganywe na zichomolewe tano. Asiyoijua asikisie na asiimbe, aonyeshwe njia. Ya 4 ni mara mbili ya mara mbili: 2 × 7 ni 14, basi 4 × 7 ni 28. Ya 8 ni kurudufu tena: 28 na 28 ni 56. Ya 6 hupita kwenye 5: 5 × 7 ni 35, ongeza 7, ni 42. Ya 9 hupita kwenye 10: 70 toa 7 ni 63. Kadi anayoijibu ndani ya sekunde 3 hivi iende kwenye fungu la mbali, anayosuasua irudi karibu ili aione tena kesho. Hesabu sekunde hizo kimoyomoyo. Mtoto mwenye hofu akiona saa inamkimbilia, hata aliyoyajua yanampotea.

Video inayofaa hapa ni ile inayoonyesha safu za nukta, mfano safu 6 za nukta 7, kisha inazikata safu 5 upande mmoja na 1 upande wa pili. Hapo mtoto anaiona sababu ya njia ya 6 kupita kwenye 5.

SWALI: Ni bora video zenye katuni na muziki, au za mwalimu ubaoni? (Baba wa watoto wawili)

JIBU: Katuni si shida ikiwa ndiyo inayobeba hesabu. Shida ni mapambo. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameshughulikia suala hili kwa miaka mingi, na moja ya kanuni zake ni kwamba wanafunzi hujifunza vizuri zaidi yale yasiyohusika yanapoondolewa. Muziki unaoendelea wakati mtoto anatakiwa kufikiri ni wa kuondoa. Tazama dakika mbili za mwanzo ukiwa umezima sauti. Ukiona namba zinajitokeza moja moja na hatua zote zinabaki kwenye kioo hadi mwisho, hiyo ni dalili njema. Ikiwa hatua ya kwanza inafutwa kabla ya ya tatu kuja, iache. Na kama mfundishaji anasema jibu ndani ya sekunde moja baada ya kuuliza, hajamwachia mtoto nafasi. Utamsimamisha mwenyewe, au utafute nyingine.

SWALI: Binti yangu anasema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4, na 1/2 + 1/3 anaandika 2/5. Video zote za sehemu zinaonyesha maduara yaliyokatwa na hazimsaidii. (Mama wa darasa la tano)

JIBU: Maduara yanafaa kwa nusu na robo, basi. Thuluthi au sehemu ya tano ya duara ni ngumu kuchora na ngumu kulinganisha kwa macho, na baadhi ya video huchora duara moja kubwa na jingine dogo, hapo ulinganisho umeshaharibika. Tumia utepe wa karatasi.

Kata tepe tano, kila moja sentimita 24 kwa 3. Urefu lazima uwe 24, kwa sababu unagawanyika vizuri. Utepe wa kwanza ubaki mzima. Wa pili aukunje katikati: kila nusu ni sentimita 12. Wa tatu mara mbili, robo ni 6. Wa nne mara tatu, thumni ni 3. Wa tano aupime kwa rula kila sentimita 8, hizo ni thuluthi. Aandike jina kwenye kila kipande. Akiweka thumni juu ya robo ataona mwenyewe kwamba namba ya chini ikikua, kipande kinapungua, kwa sababu ni utepe uleule umegawanywa kwa wengi zaidi.

Sasa ashughulikie 1/2 + 1/3. Nusu na thuluthi zilazwe kwa kufuatana: 12 na 8, jumla sentimita 20. Kisha apime jibu lake la 2/5. Sehemu moja ya tano ya 24 ni 4.8, mbili ni 9.6. Mwache aangalie rula. Alianza na 12, akaongeza, akapata 9.6! Hakuna maelezo ya video yatakayomshawishi kuliko hapo. Baadaye gawanya utepe mwingine vipande vya sentimita 4, yaani sita. Nusu inameza vipande 3, thuluthi vipande 2, jumla 5/6, ambayo ni zile sentimita 20. Baada ya kazi hii, tafuta video zinazotumia mstari wa namba badala ya duara. Mstari unaendelea kupita 1, hivyo 5/4 haitamshangaza ikifika zamu yake.

SWALI: Ninalea wajukuu watatu wa madarasa tofauti. Simu ni moja, bando ni la kubana, na hesabu zenyewe za siku hizi sizijui. Nifanyeje? (Bibi wa wajukuu watatu)

JIBU: Shikamoo Bibi. Video chache zilizochaguliwa zinatosha, hata moja kwa kila mtoto kwa wiki. Zipakueni mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha data izimwe wakati wa somo ili matangazo na ujumbe visikatize. Ubora wa 360p unatosha. Usishuke hadi 144p kuokoa bando, maana alama ya kugawanya huanza kufanana na ya kujumlisha na nukta za desimali zinapotea. Msemaji akienda mbio, punguzeni kasi iwe 0.75.

Watoto watatu wasibanane kwenye kioo kimoja kidogo. Kila mmoja apate dakika 15 zake, wengine wawe na daftari. Na kutojua hesabu za siku hizi kusikutie wasiwasi, kwa sababu kazi yako ni maswali matatu: "Hapa amefanya nini? Kwa nini amefanya hivyo? Ingekuwa namba nyingine, wewe ungefanyaje?" Mtoto anayeyajibu kwa maneno yake, amejua. Anayerudia maneno ya kwenye video neno kwa neno, arudi nyuma dakika moja.

SWALI: Nataka kurekodi video fupi kwa wanafunzi wangu kwa simu ya kawaida. Nianzie wapi? (Mwalimu wa darasa la tatu)

JIBU: Mwalimu, huhitaji kuonekana sura. Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy (si yule mwigizaji wa Kihindi), aliyeanza kumfundisha binamu yake akiwa mbali mwaka 2004 na kuanza kuweka video YouTube mwaka 2006, amefundisha mamilioni kwa sauti na mwandiko kwenye ubao mweusi tu.

Simu ilale juu ya vitabu vilivyopangwa, kamera ikichungulia nje ya ukingo, sentimita 35 hadi 40 juu ya karatasi, na irekodi kwa mlalo. Ukiandika kwa mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto, la sivyo kivuli cha mkono kitafunika namba unayoiandika. Tumia kalamu nene na karatasi ya miraba mikubwa, ili mamoja yakae chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Namba ziwe na urefu wa sentimita 2 angalau. Ukishaandika, ondoa mkono kabisa kabla ya kusema.

Somo moja, ujuzi mmoja, dakika 3 hadi 5. Ukiuliza swali, nyamaza sekunde 5 kamili na uweke alama ya kusimama kwenye karatasi. Utaona ni kimya kirefu, lakini usikifupishe. Baada ya mfano sahihi, weka mmoja wenye kosa la kawaida, mfano ile 52 − 27 = 35, wanafunzi watafute kosa liko wapi.

Chagua namba zako kwa makini kuliko unavyochagua maneno. Mfano wa 44 + 44 ni mbaya, kwa sababu ukitaja "hii 4" mtoto hajui ni ya wapi. 2 × 2 ni mbaya zaidi, kwa kuwa kujumlisha na kuzidisha vyote vinatoa 4, na aliyechanganya hutamgundua. Tumia 3 × 5, ambako mwenye kujumlisha ataleta 8. Kabla ya kutuma kwenye kundi la wazazi, jitumie kwanza na uifungue kwenye simu ndogo kuliko zote utakayoipata, kwa sababu WhatsApp hubana video. Namba zikisomeka hapo, zitasomeka kokote.